Shosho Nyuma ya Pikapu

Sufu ikilowa ina harufu yake, na mtu akishaijua haimtoki. Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shule sweta imelowa chapachapa, mama yake akaitandaza kwenye kiti karibu na jiko. Kabla haijaanza kutoa mvuke mimi nilikuwa nimeshatoka, nimesimama uani kwenye manyunyu bila hata kujifunika kichwa. Binti yangu akaja mlangoni akaniuliza kuna nini. Nikamwambia moshi umeniingia machoni. Jiko lenyewe ni la gesi, lakini ana adabu, hakubisha.

Ninyi nitawaambia, kwa kuwa hamwezi kunikatiza. Ile ni harufu ya blanketi la Shosho wangu, mama mzaa mama, siku tulipompeleka kutembea katika mbuga ya mlimani. Tulimpandisha akiwa mzima, anatania kila mtu, na tukamshusha anahema kwa shida. Siku nzima hiyo, jambo lililokuwa mikononi mwetu ni uhai wake, na wote tulikuwa tumeshughulika na jambo jingine.

Ilikuwa miaka ile baada ya Uhuru, wakati bado watu wanazungumza habari za Uhuru kama jambo la juzi. Tulikaa Timau, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, mahali pa ngano na baridi. Baba alikuwa dereva wa trekta katika shamba moja kubwa. Kwao ni Manyatta, karibu na mji wa Embu, na Mama alitoka Mbeere, chini kule kwenye joto na mtama. Nyumbani tulisema Kiembu, dukani Kiswahili, na mimi nilikuwa na Kimeru changu cha kuokota kwa watoto wenzangu. Maneno nitakayowapa humu yalisemwa Kiembu. Nimeyageuza mwenyewe, mkiyaona yamepinda nilaumuni mimi.

Shosho alikuja kwa sababu Mama alikuwa amejifungua. Kwetu mvulana wa pili huitwa jina la baba yake mama, kwa hiyo mtoto akaitwa Njeru, jina la marehemu babu, naye Shosho akapanda mabasi kutoka Mbeere kuja kumwona mumewe, kama alivyosema mwenyewe. Alimpakata akaanza kumgombeza. "Ulikuwa wapi siku zote hizi, umeniachia mbuzi peke yangu?" Mtoto akapiga miayo. Shosho akatugeukia akasema hajabadilika, hata zamani ukimuuliza jambo la maana alikuwa anasinzia.

Mimi nami ndiye niliyepewa jina lake, Igoki, maana nilikuwa binti wa pili. Dada na kaka yangu wakubwa walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo wakati ule nyumbani nilikuwa natawala. Jina hilo lilinifaa sana. Baba hakuwahi kunichapa hata siku moja, kwa kuwa kumchapa Igoki ni kumchapa mama mkwe wake, na nani angethubutu? Siku nilipovunja kioo cha taa alinitazama, akakohoa, akatoka nje kumfokea mbwa.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo watoto wangu wakilisikia wanacheka. Zamani mwanamume na mama mkwe wake walikuwa hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali mbele ya macho ya mwenzake, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja wao anaacha njia na kuingia vichakani hadi mwenzake apite. Tuliliita nthoni, na ndani ya neno hilo mna haya na heshima kwa pamoja, huwezi kuzitenganisha. Si chuki. Nasisitiza kwa sababu mimi nilidhani ni chuki, na nilidhani hivyo kwa miaka mingi.

Basi Shosho alilala kwa jirani yetu, mjane mmoja Mmeru aliyefurahi kupata mtu wa kupiga naye soga. Asubuhi alikuja kwetu, akifika kwenye ua anakohoa kwa nguvu, na Baba anatoka kwa mlango wa nyuma na kikombe chake cha chai mkononi. Mtu asiyejua mambo yetu angefikiri Baba kamwibia. Jioni Baba akirudi kutoka shambani alipiga mluzi kutoka mbali, na Shosho akajifunika leso kichwani, akahamia jikoni.

Hata hivyo walikuwa na mengi ya kuambiana, na ilibidi yapite kwangu. Mama alikuwa na mtoto wa kunyonyesha, kwa hiyo simu nilikuwa mimi. Shosho yuko jikoni, Baba yuko kwenye benchi nje, kati yao kuna ukuta wa mbao ambao unasikia hata panya akipita, na mimi nimesimama mlangoni. "Mwambie baba yako ngano ya mwaka huu ni nzuri." Ninageuka: "Baba, Shosho anasema ngano ni nzuri." Baba, ambaye amesikia kila neno, anasubiri nimalize, kisha anajibu, "Mwambie Shosho wako ni kweli, mvua ilikuja kwa wakati." Nami ninageuka tena. Nilijiona mtu mkubwa sana katika kazi hiyo. Wakati mwingine nilitia chumvi kidogo, na wote wawili walisikia na hakuna aliyenirekebisha.

Safari ile iliombwa hivyohivyo. Shosho alisema nimwambie baba yangu kwamba amesikia watu wanatoka nchi za mbali kuja kuuona mlima kwa karibu, na je, huko karibu wanaona nini? Baba akasema nimwambie Shosho kwamba Jumamosi ataomba pikapu ya shamba.

Mjue kwamba mwanamke huyo alikuwa ameutazama mlima ule maisha yake yote. Kutoka Mbeere, asubuhi isiyo na mawingu, unauona mbali, na mama yake alikuwa akitoka nje alfajiri na kuugeukia anapoomba. Shosho alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili, lakini alituambia kwamba mpaka leo akipiga magoti anatafuta kwanza mlima uko upande gani. Hakuwahi kuomba kitu kingine nyumbani kwa binti yake, hata sukari ya pili kwenye chai. Hili moja tu.

Baba alilitayarisha gari kabla hakujapambazuka. Nyuma alitandika mabua ya ngano, akaweka godoro letu juu yake, blanketi, turubai la kujikinga na mvua na gunia la kuegemea. Alikung'uta kila kitu. Alikagua hata misumari ya ubao wa pembeni isije ikachana nguo ya mkwe. Nilipomwona akiyafanya hayo nilifikiri godoro ni langu, nikaruka juu, naye akanishusha polepole akasema hapo ni mahali pa Shosho, mimi nitakaa pembeni.

Mnaona lilipotokea kosa. Mbele palikuwa na kiti kirefu cha watu watatu. Baba kwenye usukani, Mama na mtoto karibu na dirisha, na katikati pakabaki wazi. Mama mkwe angekaaje pale, bega kwa bega na mume wa binti yake, magoti yake karibu na gia? Lilikuwa jambo lisilofikirika, na lisilofikirika halizungumzwi. Shosho alikohoa uani, Baba akaenda kusimama mbali akiyatazama mashamba ya ngano, maana si vizuri kumwona mkwe akiinua mguu, nami nikamsaidia kupanda kwa kutumia stuli ya jikoni. Alipokaa nikagonga bodi, Baba akaja, tukaondoka.

Sikuwahi kumwona mtu mwenye furaha kama yeye asubuhi ile. Ngano ilikuwa imekatwa, mashamba yote yamebaki visiki vya manjano, na jua lilikuwa limetoka. Upepo ulipeperusha leso yake akaishika kwa meno. Aliniuliza jina la kila kilima na mimi, kwa kuwa sikuyajua, niliyatunga. Kila mara niliona kupitia kioo kidogo cha nyuma kichwa cha Mama kikigeuka kututazama. Nilimpungia mkono. Hakunipungia, aligeuka tu mbele, na baada ya muda mfupi akageuka tena.

Langoni tulisimamishwa na askari wa mbuga, kijana mwenye lafudhi ya magharibi, mbali na kwetu. Alizunguka gari, akamwamkia Shosho vizuri, kisha akarudi kwenye dirisha la Baba. Nilimsikia wazi. "Mzee, huko juu baridi ni kali sana, na upepo. Mbona nyanya asikae hapa ndani? Nafasi si iko?"

Baba alicheka kicheko kifupi ambacho hakikuwa chake. "Amependa kuona vizuri," akasema.

Askari akamtazama Mama. Mama alikuwa anamfunika mtoto upya, ingawa mtoto alikuwa amefunikwa. Shosho alijua Kiswahili cha sokoni tu, lakini hilo alilielewa, maana aliinua kidevu na kutazama miti. Lango likafunguliwa.

Msitu ulituingiza taratibu. Ilikuwa mierezi mirefu, mashina yake yamechanika magamba, na matawini kunaning'inia nywele za kijivu ambazo Shosho alisema ni ndevu za wazee waliokataa kufa. Mbega waliruka juu yetu na mikia yao myeupe. Tulikuta mavi ya tembo barabarani yakitoa moshi, Shosho akaniambia nisikae upande huo wa gari, kisha akahamia upande huo mwenyewe ili amwone tembo. Hatukumwona. Barabara ilikuwa mbaya, tunarushwa, na kila tukirushwa anasema "Mama yangu!" na kucheka. Kadiri tulivyopanda ndivyo kicheko kilivyopungua. Mara akaacha kuuliza majina. Akavuta blanketi mpaka masikioni, akanivuta mimi nami ndani yake, nikasikia kifua chake kinapiga haraka.

"Shosho, una baridi?"

"Kidogo."

"Nimwambie Baba?"

"Baba yako anaendesha gari. Mwache."

Sikumwacha. Nilitoa mkono nikagonga paa la gari, likasimama. Mama akateremka na mtoto, akaja akamtazama mama yake, akampa sweta yake mwenyewe na leso ya mtoto ya kujifunga shingoni. Alimuuliza turudi? Shosho akasema arudi namna gani na mlima hajauona, na huyo kijana ameomba gari la watu kwa ajili yake? Kijana ni Baba, ambaye alikuwa amesimama mbele ya gari, ametupa mgongo, anatazama tope kwenye viatu vyake. Mama alisimama hapo na mkono wake juu ya ubao. Niliona midomo yake ikifunguka, nikadhani atasema jambo. Akarudi mbele.

Mwisho wa barabara msitu huwa umekwisha. Kunabaki manyasi ya vishungi, maji yanayobubujika chini yake, na mimea ya ajabu iliyosimama mmojammoja kama watu waliotumwa na kusahauliwa. Na mbele yetu, juu kabisa, ulikuwa mlima wenyewe, mweusi, una barafu kwenye mikunjo yake. Shosho aliteremka. Alisimama muda mrefu ameshika gari. Mimi nilikuwa nasubiri apige magoti, au aimbe, kwa kuwa wazee wetu nilizoea kuwaona wakiimba kwenye mambo madogo kuliko hilo.

"Kumbe ni mawe," akasema.

Kisha machozi yakamtoka, akayafuta na leso ya mtoto, akacheka kwa sababu ilinuka maziwa. Akasema anataka kugusa maji yanayotoka huko juu. Kijito kilikuwa chini kidogo, kwenye bonde, njia inaonekana. Mama hakuweza kwenda na mtoto kwenye upepo ule, kwa hiyo nikaenda mimi na Shosho, na Baba akatufuata kwa mbali sana, anavyotakiwa mkwe, mbali kiasi kwamba angeweza kuwa mtu mwingine na safari zake.

Alifika. Aliyagusa maji, akajipaka usoni, akanipaka na mimi, yalikuwa baridi ya kuumiza mifupa. Tulipogeuka kupanda, ukungu ulikuwa umeshuka. Mlima haukuwepo tena, wala gari, wala Baba. Tulipanda kidogo akaketi. Tukapanda tena akaketi. Mara ya tatu hakuketi, alianguka kwa magoti, na nilipomtazama usoni midomo yake ilikuwa ya buluu na pumzi inatoka na mlio, kama mtu anayevuta uji kwa mrija.

Nililia kwa sauti yangu yote. Baba akatokea kwenye ukungu anakimbia, na alipotuona akasimama ghafla, mbali kidogo, akatupa mgongo. Nisikilizeni vizuri hapa. Alitupa mgongo.

"Muulize kama anaweza kusimama," akasema.

"Shosho, Baba anauliza unaweza kusimama?"

"Mwambie napumzika."

"Baba, anasema anapumzika. Baba, hapumziki. Midomo yake ni ya buluu."

"Muulize kifua kinauma?"

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, nimesimama katikati yao ukungu ukinipita usoni, na kazi ile niliyoipenda sana sikuitaka tena. Sikumuuliza. Nilimpigia Baba kelele kwamba amuulize mwenyewe. Kwetu mtoto hasemi hivyo na mzazi, hata kama ana jina la mkwe. Baba aligeuka. Akavua kofia yake akaiweka chini kwenye manyasi, sijui kwa nini, na hatukurudi kuichukua. Akaja akapiga magoti mbele ya Shosho, akamwita, kwa mara ya kwanza tangu alipomwoa binti yake.

"Mama. Nisamehe."

Shosho alijifunika uso wote na leso. "Usinishike," alisema kutoka ndani, na sauti haikuwa na nguvu. Baba akamgeuzia mgongo tena, lakini sasa ameinama, akamvuta mikono ikapita mabegani, akamfunga kwa blanketi kama mama anavyofunga mtoto, akasimama. Shosho hakuwa mzito. Nilimsikia Baba akisema hivyo peke yake, "si mzito, si mzito," wakati anapanda, na pumzi yake nayo ilikuwa imekatika. Mvua ya barafu ilianza. Nilifuata nyuma nimebeba kiatu kimoja kilichomtoka. Njia yote Shosho hakufunua uso, na njia yote Baba alilia, simfichii, alilia waziwazi kama mtu aliye peke yake.

Tulipofika, Mama alikuwa amefungua mlango wa mbele. Alikuwa amesimama kwenye mvua na mtoto, mlango wazi, kiti kile wazi. Baba akaelekea huko. Hapo Shosho akatoa mkono ndani ya blanketi, akashika ukingo wa mlango, akasema neno moja.

"Nyuma."

Baba alisimama. Naapa kwamba alisimama muda mrefu. Alimtazama Mama, na Mama akamtazama yeye. Nafikiri alikuwa ameshavunja jambo moja kubwa siku hiyo na hakuwa na nguvu ya kuvunja la pili dhidi ya neno la mkwe mwenyewe. Akampeleka nyuma. Mama akanitupia mtoto mikononi, akaniambia nikae mbele, akapanda huko na mama yake chini ya turubai. Nilishuka mlima nikiwa kwenye kiti kile, nimempakata Njeru, kando yangu pana nafasi ya mtu mzima. Baba aliendesha akitazama zaidi kioo cha nyuma kuliko barabara. Pale ndani kulikuwa na joto hata nikaanza kusinzia, jambo linalonikasirisha mpaka leo.

Tulimpeleka hospitali moja kwa moja. Daktari alisema ni mapafu, na kwamba mtu wa umri ule kutoka nchi ya joto hapandishwi huko juu ghafla, tena kwenye upepo. Blanketi lake tulipewa tukalikaushe nyumbani. Mama alilitundika juu ya moto, na harufu yake ikakaa ndani ya nyumba siku zote alizokuwa amelazwa. Nilipelekwa kumwona mara moja. Alinishika mkono akanong'ona kuuliza kama mbega wale walikuwa wengi au aliota. Nikamwambia walikuwa wengi. Hakumaliza wiki.

Baada ya mazishi wajomba walikuja Timau, ndugu wawili wa Mama, watu wazima wenye fimbo. Walikaa na Baba uani. Mimi nilikuwa dirishani, na niliwaogopa kwa sababu nilijua watauliza. Nilikuwa nimeshatayarisha majibu. Watauliza kwa nini mama yao alisafiri kwenye upepo na ndani pana nafasi. Mjomba mkubwa alisafisha koo, akauliza, "Tumesikia ulimbeba. Ulimbeba namna gani, mgongoni au mikononi?"

Hilo ndilo lililowaleta. Walilizungumza kwa upole, walimpenda Baba, walielewa kwamba ilikuwa shida, lakini mwili wa mkwe umeguswa na lazima aibu ile isafishwe. Baba hakubisha. Akakubali kutoa dume la mbuzi, likachinjwa Mbeere, wazee wakala wakaridhika. Mama alikuwa anawapelekea chai wakati wakizungumza. Alisimama na sinia katikati yao hadi mjomba akamwambia, dada, weka chini, inapoa. Akaweka chini. Mimi nilikasirika nikamuuma mtoto wa jirani siku hiyohiyo bila sababu yoyote.

Niliuchukia mlima. Nilikua nikiuchukia, na tulipohamia Manyatta Baba alipostaafu nilijenga dirisha langu la jikoni upande mwingine. Watu walisema alizidiwa na mlima, nami nikashika hilo. Tena nilimchukia Baba kidogo, kwa ule mgongo aliotupa kwenye ukungu, mpaka nilipoolewa na kuona mume wangu mwenyewe, mtu wa ofisi na tai shingoni, akikimbilia bafuni kwa kuwa Mama amepiga hodi. Ndipo nilipoanza kuhesabu upya. Baba hakumchukia Shosho. Mtu haamki usiku kukagua misumari kwa ajili ya mtu anayemchukia. Alimheshimu kwa moyo wake wote, naye Shosho akamheshimu yeye, na mama yangu akawaheshimu wote wawili.

Baba alikuwa ameshafariki siku Mama alipolisema. Tulikuwa tunachambua maharagwe, tunazungumza habari za bei ya mbegu, naye akaanza kana kwamba tumekuwa kwenye mazungumzo hayo muda wote.

"Sisemi jioni. Jioni alikataa mwenyewe. Nasema asubuhi, kabla hajapanda. Mimi nilikuwa nimeshakaa, mlango uko wazi. Ningesema tu, Mama, ingia tusongeane. Nilijua atakataa, nikaona ya nini kumwaibisha mbele ya mume wangu. Nikafunga mlango."

Aliendelea kuchambua. Mikono yake haikusimama, lakini alikuwa anatupa mazima na kuweka mabovu, nami nikayaokota taratibu bila kumwambia.

Mlima haukumfanyia Shosho kitu. Ulikaa pale pale ulipokaa siku zote. Ni sisi tuliomuua kwa adabu zetu, watu waliompenda, kila mmoja akimlinda mwenzake asione haya. Na najua kabisa kwamba angekataa. Angeinua kidevu kile, angesema anataka kuona tembo, angepanda nyuma kwa stuli ya jikoni na mambo yangekwenda vilevile mpaka mwisho. Lakini angepanda akiwa amekaribishwa ndani.